Mpwa kapata chuo kidogo Marekani, wanafunzi 1,700 tu. Aende, au achukue uhandisi JKUAT?

Mvuvi wa Takaungu #1

Wanajamvi, hamjambo. Kuna jambo linatuvuruga nyumbani, naomba wenye uzoefu mnisaidie kulipima.

Mpwa wangu, binti wa dadangu, alipata A- kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, akapangiwa uhandisi wa ujenzi pale JKUAT, chuo kikuu cha Juja. Akaomba kuahirisha mwaka, na kumbe kimyakimya alikuwa anatuma maombi Marekani. Wiki jana kajibiwa na chuo kimoja cha Ohio, kwenye mji ambao hata ukivuta ramani inabidi uutafute. Ni zile koleji ndogo wanazoziita liberal arts: hakuna uzamili, hakuna kitivo cha sheria wala cha tiba, wanafunzi wote kwa jumla 1,700 hivi, na mtu anachagua somo kuu mwisho wa mwaka wa pili.

Gharama iliyoandikwa ni zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka. Msaada waliompa unakata karibu yote, familia inabakiwa na dola 3,500 kwa mwaka, tiketi na bima mbali. Jibu linatakiwa kabla ya Mei 1 kupita.

Shemeji yangu katamka maneno machache tu: "Mimi nilisomesha mhandisi." Dadangu leo anacheka, kesho analia. Mimi nimo katikati kwa sababu ndiye niliyekuwa namnunulia bando za kujazia hizo fomu, na sasa naambiwa nimempoteza mtoto.

Faida za chuo cha aina hii ni zipi, na hasara ni zipi? Msiniambie "Marekani ni Marekani." Nataka hesabu.

Kandambili #2

Watu 1,700? Mkuu, shule ya kata ya hapa kwetu Mbagala inawazidi. Huko kila mtu atajua jana ulikula nini.

Baridi ya Minnesota #3

Kandambili ametania lakini kagusa penyewe. Nimesoma chuo cha namna hiyo, na faida yake na hasara yake zote zimo humo: hakuna pa kujificha.

Madarasa yangu mengi yalikuwa ya watu kumi na wawili, kumi na watano, tumeizunguka meza. Ukikosa kipindi, profesa anakuandikia mchana huohuo kuuliza kama unaumwa. Insha yangu ya kwanza ilirudi imejaa wino wa kijani pembeni, na mwisho kaandika: "Hoja yako iko aya ya tatu. Anza nayo. Njoo ofisini Alhamisi." Nilikwenda nikijua nafukuzwa. Tulikaa saa nzima juu ya sentensi nne. Nyumbani nilikuwa nimezoea kunakili ubaoni na kurudisha vilevile kwenye mtihani, kwa hiyo siku ile nilitoka kichwa kinauma.

Chuo cha Williams, Massachusetts, wana vipindi vya wanafunzi wawili na profesa mmoja. Wiki hii wewe unaandika na kusoma insha yako, mwenzio anaichambua mbele yako; wiki ijayo mnabadilishana. Kama hukusoma, huna pa kupitia.

Anayefundisha ni profesa mwenyewe, kwa sababu wanafunzi wa uzamili wa kumsaidia hawapo. Na maabara, wa mwaka wa pili anashika mashine kwa mkono wake. Jennifer Doudna aliyepata Nobel ya kemia 2020 alianzia Pomona, California. Thomas Cech, Nobel ya kemia 1989, alianzia Grinnell, Iowa.

Hasara: idara ni ndogo. Profesa mmoja akienda likizo ya utafiti, kozi unayoihitaji inasubiri mwaka mzima. Mji una duka moja la maana na basi halipiti. Januari siizungumzii.

Mhandisi Mkavu #4

Mleta uzi, hayo ya wino wa kijani ni matamu, lakini shemeji yako anauliza swali la kikazi na mnamjibu kwa hadithi.

Shahada ya fizikia haimfanyi mtu mhandisi. Kuna bodi za kusajili wahandisi: huku kwetu Tanzania ERB, kwenu Kenya EBK, na wote wanataka shahada ya uhandisi inayotambulika. Vyuo hivyo vidogo vingi havina uhandisi kabisa. Vinachokuwa nacho ni mpango wa tatu na mbili: miaka mitatu hapo fizikia na hisabati, kisha miwili kwenye chuo kikubwa cha uhandisi, unatoka na shahada mbili. Kwenye karatasi unapendeza. Muulize sasa: ule msaada wa chuo cha kwanza unavuka naye kwenda cha pili? Mara nyingi hauvuki. Na miaka ni mitano, si minne.

Kipepeo wa Usambara #5

Nakurekebisha kidogo Mhandisi #4. "Vingi" sawa, ila si vyote. Swarthmore wana uhandisi wao. Lafayette na Union pia. Harvey Mudd ndiyo kazi yao hasa. Smith, ambacho ni chuo cha wanawake, ndicho chuo cha kwanza cha wanawake Marekani kuanzisha uhandisi wake chenyewe. Mvuvi, cha binti kina nini?

Mvuvi wa Takaungu #6

Nimemuuliza. Fizikia, hisabati, kompyuta vipo. Uhandisi wenyewe hakuna, ila huo wa tatu na mbili upo. Swali la msaada kuvuka hakuwa amelifikiria. Ahsante Mhandisi, nalipeleka.

Mzee wa Kijiweni #7

Vijana mnajadili kama jambo jipya. Ndege za Tom Mboya mwaka 1959, zile za kupeleka wanafunzi wa Kenya Marekani, mnadhani ziliwapeleka wapi watu? Hivyohivyo vyuo vidogo vya mashambani. Wangari Maathai alisoma huko. Baba yake Obama naye alipanda ndege ileile akaenda chuo kidogo. Wakarudi wakashika nchi. Hakuna aliyeuliza mambo ya bodi.

Mwalimu Chaki #8

Shikamoo Mzee. Nusu umepata, nusu niruhusu ninyooshe.

Maathai kweli. Alikwenda 1960, chuo cha masista cha Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, Kansas, akahitimu biolojia 1964. Ndipo akaenda Pittsburgh kwa uzamili, 1966. Kile chuo cha Atchison kiliungana na cha wanaume cha jirani mwaka 1971, leo kinaitwa Benedictine.

Obama baba hakupanda ndege ile ya 1959, na alikwenda Chuo Kikuu cha Hawaii, ambacho ni cha jimbo na si kidogo. Mwanawe ndiye aliyeanzia chuo kidogo: Occidental, Los Angeles, miaka miwili, halafu akahamia Columbia, New York. Kuhamia chuo kingine ni jambo la kawaida kule, binti alijue hilo pia. Kwa mgeni anayetegemea msaada huwa ni vigumu zaidi, lakini mlango upo.

Ongezeni na Kofi Annan: Macalester, Minnesota, 1961.

Mzee wa Kijiweni #9

Marahaba. Nimekubali, ila ndege zilikuwepo.

Ngoma Droo #10

Mnanichekesha. Kila anayetetea anatoa Nobel mfukoni. Mmewahesabu waliong'ara tu. Maathai angesoma hata chini ya mwembe angekuwa Maathai. Vyuo hivi vinachuja mtoto aliyekwisha kuiva, vinamlisha miaka minne, halafu vinasema "tumempika sisi." Mtoto wa A- aliyejaza fomu zile peke yake kwa bando za mjomba, huyo JKUAT pia angewapita wenzake.

Shangazi Kibao #11

Ngoma Droo, wewe ulisoma wapi? Haya, na mimi nitie langu, maana mnazungumza kama vile hakuna mzazi humu.

Mwanangu alikwenda chuo kidogo kaskazini mashariki ya Marekani. Sikitaji jina. Alikwenda akisema atakuwa daktari. Hakuna aliyetueleza hapa Tanga kwamba kule udaktari unaanza baada ya shahada ya kwanza, na kwamba shule nyingi za udaktari hazichukui mgeni, na zinazochukua, nyingine zinataka uonyeshe fedha za miaka yote zimewekwa mahali. Fedha za miaka yote! Wenzake waliobaki wakaingia udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita, leo wanaitwa daktari na mimi nawapa shikamoo kwa utani. Wangu kaishia afya ya jamii. Anafanya kazi nzuri, sisemi vibaya, lakini hilo halikuwa tulilokubaliana mezani.

La pili. Likizo ya Desemba mabweni yanafungwa. Yanafungwa kwa kufuli! Wazungu wanaenda kwao kwa gari, yeye wa Tanga aende wapi? Mwaka wa kwanza alipokewa na familia ya profesa wake wa takwimu, wakamkalisha wiki tatu, wakamfundisha kuendesha gari kwenye theluji. Sasa niambieni, chuo cha watu elfu arobaini profesa angemjua? Kwa hiyo mimi nimelia na chuo kile na nimekishukuru pia.

Kandambili #12

Shangazi, kwenye chakula ilikuwaje?

Shangazi Kibao #13

Ugali alikuwa anapikia unga wa Wamexico, ule wa kuoshwa kwa chokaa. Anasema ulikuwa unanuka chapati ya mahindi. Mchicha aliukuta duka la Wachina, mwendo wa gari. Dagaa niliwatuma wakaishia forodhani.

Afisa wa Namba #14

Tumwachie Shangazi jiko, turudi kwenye hesabu aliyoiomba Mvuvi, maana hapa ndipo watu wanaumia.

Kwanza, neno "kidogo" lisiwadanganye. Kuna vidogo tajiri na vidogo hohehahe, na kwenye picha za tovuti vinafanana: majani mekundu, vijana wamelala kwenye nyasi na vitabu. Grinnell, kiko katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa, mfuko wake wa akiba unazidi dola bilioni 2. Williams na Amherst wanazidi hapo. Chuo chenye mfuko kama huo kinaweza kumbeba mtoto wa Takaungu miaka minne kisihisi. Amherst, na tangu 2022 Bowdoin ya Maine, wanapochagua mwanafunzi wa nje hawaangalii kama ana uwezo wa kulipa. Vingi vingine vinaangalia: mtoto mwenye uhitaji mkubwa anashindania nafasi chache. Kwa hiyo binti kupata ofa hiyo si jambo dogo, shemeji aambiwe.

Kisha kuna Berea, Kentucky, ambacho hakitozi ada ya masomo tangu 1892 na kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni angalau saa kumi kwa wiki. Wengine ufagio, wengine maabara.

Upande wa pili: vidogo maskini vinakufa. Mount Ida, karibu na Boston, kilitangaza Aprili 2018 kwamba kinafunga, Mei kimefunga. Wells, New York, kilichokuwepo tangu 1868, kilitangaza mwisho wa Aprili 2024 na muhula ulipoisha nacho kikaisha. Birmingham-Southern ya Alabama, mwaka huohuo. Sweet Briar ya Virginia ilitangaza kufunga 2015, wanawake waliosoma pale wakachanga fedha na kwenda mahakamani, mpaka leo iko wazi. Fikiria mtoto yuko mwaka wa pili, viza yake imeandikwa chuo hicho, anasoma kwenye barua pepe kwamba hakuna chuo.

Mvuvi, leta majibu matatu. Mfuko wa akiba wa chuo ni kiasi gani? Wanafunzi wanaongezeka au wanapungua miaka hii mitano? Na hizo dola 3,500, zimefungwa kwa miaka minne, au ada ikipanda kila mwaka nanyi mnapanda nayo?

Mvuvi wa Takaungu #15

Afisa, umenikosesha usingizi. Nimefungua barua tena. Imeandika kiasi cha msaada "kwa mwaka" na kwamba unaweza kuendelea mradi alama zisishuke. Ada ikipanda, barua iko kimya.

Afisa wa Namba #16

Ukimya huo ndio wa kuuliza. Aandike barua pepe kwa ofisi ya misaada, adai jibu la maandishi. Aulize hivi: ada ikipanda, msaada unapanda kwa kiwango kilekile? Asiulize kwa simu. Na aulize bima ya afya na malazi ya likizo, Shangazi kashawapa sababu.

Kazi za chuoni anaruhusiwa mpaka saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Hiyo inamtosha sabuni, simu na koti, msiipangie kulipa ada.

Rais wa Mbio #17

Huyo binti anakimbia? Nasikia Wakenya wanapewa ufadhili wa riadha bure.

Kipepeo wa Usambara #18

Vyuo vikubwa, ndiyo. Hivi vidogo vingi viko daraja la tatu la michezo ya vyuo, na huko ufadhili wa michezo hautolewi. Kasi inaweza kumsaidia kocha amwombee nafasi, lakini fedha inatoka kwenye msaada wa uhitaji. Kenya mna KenSAP, mpango wa kusaidia wanafunzi kuingia vyuo vya Marekani, ulioanzishwa 2004 na Mike Boit, yule wa shaba ya mita 800 Munich 1972, pamoja na John Manners, mwandishi wa Marekani. Na wao hawatafuti miguu. Wanatafuta vichwa.

Mtumwa wa CV #19

Mimi nazungumzia kurudi. Nina shahada ya uchumi ya chuo kidogo ambacho Marekani wakikisikia wanasimama kidogo. Nairobi, kwenye usaili wa benki moja, yule dada wa rasilimali watu aliisoma CV akaniuliza: "Hiki ni chuo cha ufundi?" Nikaeleza. Akasema, "Kwa hiyo hukufika chuo kikuu." Kazi nilikuja kuipata, lakini kwa shirika ambalo bosi wake alisoma kule. Jina la chuo kidogo ni fedha inayotumika kwa watu wachache, na hao wachache wanalipa vizuri.

Cheti chenyewe usisahau kukipeleka kutambuliwa, kwenye tume ya vyuo vikuu: Kenya ni CUE na Tanzania ni TCU. Mlioko kule anzeni mapema kukusanya karatasi.

Kubaki Marekani nako: baada ya kuhitimu kuna OPT, miezi 12 ya kufanya kazi. Somo likihesabiwa la sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati inaongezwa miezi 24. Ndiyo maana vyuo kadhaa vimesajili uchumi wao upya kama uchumi wa takwimu, uingie humo. Binti akichagua somo aangalie na namba ya somo hilo kwenye karatasi za uhamiaji, isiwe jina tu. Baada ya hapo ni bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi, na bahati nasibu haisomi insha.

Ngoma Droo #20

Mtumwa wa CV kanisaidia. Mmesikia? Kazi kaipata kwa aliyesoma naye kulekule. Elimu hapo iko wapi? Ni undugu wa kununua.

Baridi ya Minnesota #21

Hapana Ngoma. Kuna vyuo vikubwa vyenye mtandao wa watu laki tatu na hakuna anayekupigia simu. Mimi aliyenipa kazi ya kwanza alihitimu miaka mingi kabla yangu, hatukuwa tumeonana. Alichotaka kujua ni kama naweza kuandika kurasa mbili mtu akazielewa. Naweza, kwa sababu nilipigwa na wino ule miaka minne.

Afisa wa Namba #22

Baridi, chukua wino huohuo, weka kwenye chuo kisichokuwa na fedha, profesa ana madarasa matano na kazi ya pembeni. Atakuandikia "vizuri" na kusonga. Kinachofanya kazi pale ni fedha ya wafu: matajiri waliokwisha kufa waliacha akiba inayolipa profesa akae na watoto kumi na wawili. Fundisho lenyewe si siri.

Mwalimu Chaki #23

Mimi nina la kwangu, naona mnaliruka. Wengi wanaotoka kwetu kwenda vyuo hivyo walikwisha kupita mahali pa kujadiliana. Kuna shule ya kimataifa ya UWC Moshi na Arusha, wahitimu wake wanapata ufadhili wa Davis kwenye vyuo hivi. Mtoto huyo anafika amezoea kuinua mkono. Mtoto aliyetoka shule ya bweni ya kawaida, alizoea kuadhibiwa kwa kuuliza, mwaka wa kwanza unamkata. Mimi nafundisha kidato cha tano. Kijana wa miaka 17 kashawekwa PCB (fizikia, kemia, biolojia), historia hataigusa tena maisha yake yote, na wa HGL (historia, jiografia, lugha) hataiona hesabu. Akiambiwa "chagua unachopenda," anaganda.

Na msiseme ni mambo ya Wazungu tu. Mwalimu Nyerere pale Edinburgh, shahada aliyomaliza 1952, alisoma historia, uchumi, falsafa, vyote kwa pamoja. Hakwenda kusomea urais.

Mhandisi Mkavu #24

Na reli alijengewa na Wachina. Nchi inataka watu wanaojua kipimo cha nondo, Mwalimu. Wa falsafa tunao, wamejaa vijiweni.

Mzee wa Kijiweni #25

Vijiwe viachwe.

Bin Awadh Abu Dhabi #26

Salaam kutoka Ghuba. Mnalinganisha Ohio na Juja kana kwamba dunia ina vituo viwili. Hapa kuna NYU Abu Dhabi, tangu 2010, masomo ya mtindo huohuo na uhandisi wanao, misaada mizuri, na kutoka Mombasa ni safari fupi. Ukitaka kula pilau unakula pilau.

Kipepeo wa Usambara #27

Na Ghana kuna Ashesi. Patrick Awuah alisoma Swarthmore, akafanya kazi Microsoft, akarudi kwao akaanzisha chuo 2002. Mtindo huohuo, na uhandisi wameuongeza. Nairobi kwenyewe USIU iko tangu 1969, masomo ya jumla kwanza. Swali langu: mbona Dar hatuna chetu?

Ngoma Droo #28

Kwa sababu mzazi wa Dar akilipa ada anataka jina la kazi kwenye cheti. Ukimwambia "mwanao atajifunza kufikiri" anakuuliza kwani nyumbani alikuwa anafanya nini.

Nyota ya Bujumbura #29

Nawasoma tangu mwanzo. Mnalo la kushukuru hata kubishana. Sisi Burundi tumewekewa vizuizi vya viza tangu Juni 2025, za masomo zikiwemo. Mdogo wangu ana barua ya chuo, ofa kamili, iko kwenye fremu sebuleni. Mvuvi, kabla ya yote angalia masharti ya viza ya mwezi huu, si ya mwaka jana, na mfanye miadi ya usaili mapema. Akiulizwa atarudi kufanya nini, awe na jibu.

Mvuvi wa Takaungu #30

Pole sana Nyota. Tumelipokea.

Kandambili #31

Mimi bado niko kwenye la kufuli la Desemba.

Mama Wawili #32

Jamani wa kwangu ana B+, naye anaweza? Anapenda kompyuta na kuchora.

Afisa wa Namba #33

Mama, fungua uzi wako, tutakuja. Kwa kifupi: vyuo vingi havilazimishi SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, Bowdoin wameiacha tangu 1969, kwa hiyo B+ haifungi mlango. Ila msaada mkubwa unafuata alama kubwa.

Mvuvi wa Takaungu #34

Mrejesho, wadau. Binti kaandika, wamejibu siku ya tatu.

Akiba ya chuo ni zaidi ya dola milioni 300, wanafunzi wamepungua kidogo. Msaada unaangaliwa upya kila mwaka. "Kwa kawaida" unapanda na ada lakini hawaahidi. Bima mwanafunzi analipa mwenyewe, ila Desemba kuna bweni moja linabaki wazi kwa wa nje, Shangazi utulie. Msaada hauvuki kwenye tatu na mbili. Mhandisi umeshinda hiyo.

Shemeji kasoma jibu lote mwenyewe, kavaa miwani. Sasa ana swali jipya, na hilo si baya: asome fizikia miaka minne, kisha uzamili wa uhandisi. Inakubalika?

Mhandisi Mkavu #35

Bodi itaanza kwa kuuliza shahada ya kwanza ni ya nini, na fizikia si uhandisi. Wapo wanaoingia uzamili kwa fizikia, ila hukalishwa kwanza masomo ya msingi waliyoyakosa, na wakirudi wanaanza kujieleza. Kama anataka kusaini michoro ya majengo Kenya, JKUAT ndiyo njia fupi. Kama anataka kutengeneza programu au kufanya utafiti, mimi simzuii.

Baridi ya Minnesota #36

Milioni 300 kwa watu 1,700 si utajiri lakini si kaburi pia. Kuna mtu amemuuliza binti mwenyewe anataka nini? Kurasa zote hizi na hajasema neno.

Mvuvi wa Takaungu #37

Kasema anataka kujua mikoko inavyozuia mawimbi kula ufuo. Hajui kama hilo ni uhandisi, biolojia au fizikia, na anasema ndiyo sababu alituma maombi kule.

Mhandisi Mkavu #38

Hilo ni uhandisi wa pwani.

Mwalimu Chaki #39

Hilo ni biolojia, Mhandisi. Maathai alianza hivyohivyo.

Ngoma Droo #40

Hilo ni Kilifi. Mikoko ya Ohio mmeiona wapi?

Kandambili #41

Swali la mwisho kwangu: hiyo Mei 1 ni ya Ohio au ya Takaungu? Wako nyuma saa saba. Wakifunga saa sita usiku wao, kwenu ni saa moja asubuhi ya tarehe 2. Mna usiku mmoja wa ziada wa kugombana.